Figo imekubali, mbona silali?

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili niko Morogoro, mwaka jana nilipandikizwa figo Dodoma, aliyenitolea ni mdogo wangu wa kiume. Vipimo viko poa, kreatinini (ule uchafu wa kwenye damu unaoonyesha figo inafanyaje kazi) imeshuka, ila Anti silali, nalia tu bila sababu, mikono inatetemeka hadi chai inamwagika, uso umevimba na majirani wananiambia "mama fulani unakula maisha!" Mdogo wangu akikohoa tu moyo unapiga paa. Juzi kaniomba hela ya kutengeneza pikipiki yake, sina, nikaenda kukopa nikampa, ningemwambiaje hapana? Nikimgusia mume wangu ananiambia shukuru Mungu umepona. Ndo kukosa shukrani huku?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, mtu anashukuru na analia siku hiyohiyo, havigombani.

Kwanza vidonge, hivi vya kuzuia mwili usiikatae figo. Prednisoloni inakosesha usingizi, inabadilisha badilisha mudi na huo uso wa "kula maisha" mara nyingi ni yenyewe, na takrolimasi inatetemesha mikono, sasa wewe kliniki unasema "naendelea vizuri daktari" unaondoka, hapo watajuaje? Waambie yote, hadi hiyo chai, wataangalia dozi na saa za kumeza. Ila usipunguze mwenyewe hata kidonge kimoja, maana mwili unaweza kuanza kuikataa figo na wewe husikii maumivu yoyote, na ile mizizi ya kuleta usingizi atakayokuletea jirani mwambie asante uiache hapohapo mezani.

Halafu uko peke yako mno. Huku kwetu haya mambo bado mapya, Muhimbili walianza 2017, Dodoma wakafuata 2018, kabla ya hapo ilikuwa India, kwa hiyo mtaani humpati wa kukwambia "hata mimi nililia". Wa kukwambia hivyo yuko pale benchi la kliniki, omba namba. Na mumeo siku moja nenda naye, asikie kwa daktari mwenyewe kwamba vidonge vinaliza watu, mi naona wewe akikusikia anadhani unadeka.

Sasa mdogo wako. Alipimwa kwelikweli kabla ya kutoa, na figo iliyobaki huwa inaongeza kazi, kikohozi ni kikohozi tu. Anachohitaji ni kupimwa presha, mkojo na damu kila mwaka, na vijana wakishajiona wazima kliniki wanaikacha, huko ndo umsumbue. Mambo ya hela umjibu kama ulivyokuwa unamjibu zamani, dada mkubwa ana haki ya kusema sina. Hilo la kukopa mwambie ukweli, pikipiki ikianza kuingiza mrejeshe wote.

Ila ukifika mahali unawaza kufa, au vidonge huvitaki tena, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.