Jaribio la awali: washiriki 30 au 300?

Swali: Daktari, habari za kazi. Tuko Bagamoyo, tunaandaa jaribio la awali la kuwakumbusha wagonjwa wa presha kwa ujumbe wa simu wameze dawa, tukiwafuatilia miezi 3. Fomula ya sampuli imetupa watu 300. Msimamizi anasema andikeni 30, inatosha. Tumsikilize nani?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Hiyo 300 iwekeni kando. Fomula hiyo inauliza kama ujumbe unashusha presha, na hilo ni swali la jaribio kuu. La awali linauliza: watu watakubali kuingia? Watabaki hadi mwezi wa tatu? Idadi itoke humo.

Tuseme mnatarajia asilimia 80 wabaki, na mnakubali kukosea asilimia 10 juu au chini. Zidisheni 0.8 kwa 0.2, kisha kwa 3.84 (namba ya uhakika wa asilimia 95), mgawanye kwa 0.01, yaani 0.1 mara 0.1. Inakuja 61.4, yaani watu 62, 31 kila kundi mkiwa na makundi mawili. Mkichukua 30 wakabaki 24, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 66 na 94. Kwa upana huo hamwezi kuamua lolote.

Hao 62 wana faida nyingine. Tatizo linalompata mtu 1 kati ya 20 linahitaji watu 59 ili muwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuliona hata mara moja. Kwa hiyo kila anayepotea andikeni sababu yake: mvuvi kaenda dago, mama anatumia simu ya mwanawe, laini imebadilishwa. Daftari hilo ndilo litakalookoa jaribio kuu.

Kosa ninaloliona mno ni kuchukua tofauti ya presha iliyoonekana kwenye jaribio la awali na kuipigia hesabu ya jaribio kuu. Mkiona tofauti ya 12 kumbe halisi ni 4, yaani theluthi, basi kwa kuwa idadi ya watu hufuata mraba wa tofauti, mtakuwa mmeandikisha sehemu moja ya tisa ya watu wanaohitajika. Tumieni tofauti ambayo tabibu anaiona ina maana kwa mgonjwa; kutoka jaribio la awali chukueni mkengeuko sanifu tu (kipimo cha jinsi presha za watu zinavyotawanyika), nao muuongeze kidogo, maana sampuli ndogo huweza kuupunja.

Kliniki ikiona wanaofaa 12 kwa wiki na nusu wakaridhia, mtahitaji wiki 11 kuwapata hao 62. Ramadhani ikiangukia humo, saa za kumeza dawa hubadilika, basi panga tarehe mapema. Na kiwango cha kuendelea, kurekebisha au kusimama kiandikwe kwenye protokali (mpango rasmi wa utafiti) kabla mshiriki wa kwanza hajasaini ridhaa.