FLAC haifufui MP3

Omera, umeuliza kama benga za mzee ulizowekewa kwenye flashi pale Kondele zitasikika safi ukizigeuza kutoka MP3 kuwa FLAC, aina ya faili inayohifadhi sauti yote bila kuipunguza. La. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo, na kilichotupwa hakirudi. Utajaza diski bure. Kama santuri zenyewe bado zipo nyumbani, zirekodi upya kwa FLAC, kisha toa MP3 za simu kutoka hapo.

Kuorodhesha santuri hizo, tumia Discogs, orodha ya muziki iliyoko mtandaoni: kila toleo lina ukurasa wake. Andika namba iliyochapishwa kwenye lebo, pia ile iliyochongwa kwenye santuri karibu na lebo, maana ndiyo hutofautisha chapa moja ya santuri ileile na nyingine. (Watu wengi huiruka hii!) Mwaka wa kutolewa usioujua, uache wazi.