Diski haionekani baada ya kubadilisha vifaa? Anzia kwenye BIOS

Umeongeza SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka), au umehamishia diski ya zamani kwenye ubao mama mpya, na Windows haioni kitu. Kabla ya kushika bisibisi, washa kompyuta huku ukibonyeza Delete au F2 mfululizo hadi uingie BIOS (programu ya msingi ya ubao mama inayotangulia Windows), kisha tafuta orodha ya diski zilizounganishwa. Diski isipokuwemo humo, hakuna draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) itakayosaidia: tatizo ni umeme, kebo, tundu, mipangilio ya BIOS au diski yenyewe. Ikiwemo, liache kasha lilivyo, shida iko upande wa programu au mipangilio.

Tuseme haimo. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Kebo za SATA (muunganisho wa kawaida wa diski) hulegea kirahisi mkono unapopita kufunga kadi ya michoro, kwa hiyo zichomoe uzirudishe pande zote mbili. Bado? Badilisha kebo, halafu tundu, kimoja baada ya kingine. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua kibovu kilikuwa kipi.

Kama pawa saplai nayo ni mpya, hakikisha kebo zake ni zile zilizokuja nayo. Upande wa diski kebo hizi zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na hata modeli mbili za kampuni moja huweza kutofautiana. Volti 12 zikiingia mahali pa volti 5, diski inaweza kuungua papo hapo. Usijaribu eti kwa kuwa plagi imeingia.

Kuna pia diski kubwa, hasa zilizotolewa ndani ya kasha la nje la USB, ambazo hazizunguki kabisa zikiungwa kwenye pawa saplai fulani. Zinafuata kanuni mpya ya SATA ambamo pini ya 3 ya umeme ni ya kuizima diski. Pawa saplai inayopeleka volti 3.3 hapo inaiambia diski ilale. Funika pini tatu za kwanza za umeme kwa utepe mwembamba usiopitisha umeme na usiolainika kwa joto, itaamka.

SSD za M.2 (vibapa vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye ubao) ndizo zinazosumbua zaidi. Umbo ni moja, lakini baadhi huwasiliana kwa SATA na nyingine kwa NVMe, njia yenye kasi zaidi, na tundu linalopokea NVMe pekee halitaiona ile ya SATA hata ikikaa sawasawa. Usitegemee mikato ya pini. Soma lebo ya SSD na kitabu cha ubao. Kitabu hichohicho kitakueleza jambo ambalo wengi hulipita: njia za data ni chache, kwa hiyo tundu la M.2 likitumika, matundu mawili ya SATA huweza kuzimwa. Ndiyo maana unaweza kuweka SSD mpya ikaonekana vizuri, huku diski ya zamani ambayo hukuigusa ikipotea. Ihamishie kwenye tundu lingine la SATA, basi. Prosesa nayo ina neno: kwenye bao nyingi za Intel Z590, tundu la kwanza la M.2 halifanyi kazi ukiweka prosesa ya kizazi cha 10. Linataka cha 11.

Sasa tuseme BIOS inaiona. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Disk Management. Diski mpya tupu huwa bado haijaandaliwa: chagua GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski (ule wa zamani, MBR, huishia TB 2), tengeneza sehemu, ifomati, ipe herufi (kama D:). Lakini kama diski ina data zako na Windows inakuomba uiandae au uifomati, kataa. Mara nyingine inachokosa ni herufi tu.

Kisakinishi cha Windows kisipoiona NVMe kwenye kompyuta ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, mshukiwa wa kwanza ni VMD, kidhibiti cha diski cha Intel. Pakia draiva yake kutoka flashi, au izime kwenye BIOS kabla ya kusakinisha. Kuizima wakati Windows tayari imo ni kujiletea skrini ya hitilafu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na Windows haitawaka.

Na ikiwa diski ya zamani inaonekana kwenye BIOS lakini haimo kwenye orodha ya kuwashia, huenda Windows yake ilisakinishwa kwa MBR na ubao mpya unakubali UEFI pekee (mrithi wa BIOS ya zamani, anayetaka GPT). Nakili data kwanza ukitumia kompyuta nyingine. Kisha washa kwa flashi ya usakinishaji, bonyeza Shift na F10 kufungua dirisha la amri, thibitisha namba ya diski kwa amri za diskpart na list disk, toka kwa exit, halafu andika mbr2gpt /validate /disk:0 ukiweka namba yako mahali pa sifuri. Ikikubali, rudia ukiweka /convert badala ya /validate.