Kabla ya kompyuta, shika mzigo

Vijana wanaomaliza shahada ya ununuzi na ugavi huniuliza wajifunze programu gani ya kompyuta ili waajiriwe haraka. Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo: tafuta kwanza nafasi ya stoo, hata kama ni ya kuhesabu maboksi.

Mimi nilianza hivyo, Dar es Salaam, kwa wakala mmoja wa forodha aliyehudumia mizigo ya Zambia na Kongo. Stoo ndiko nilikojua kwamba idadi iliyoandikwa si lazima iwe idadi iliyopo. Ndiko nilikojifunza pia kumsikiliza mpakiaji anaposema mzigo umekaa vibaya. Lori la ekseli saba, yaani mihimili saba ya magurudumu, mwisho wake ni tani 56, gari na mzigo pamoja, lakini mizani hupima na kila ekseli peke yake. Uzito wa jumla unaweza kuwa halali, ila ukirundika shehena nyuma, lori linakwama kwenye mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, safari ya Tunduma, mpakani na Zambia, haijaanza vizuri. Chuoni nililisoma hilo kwenye jedwali. Mpakiaji alinionyesha kwa kusogeza magunia.

Halafu makaratasi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimeishuhudia. Mwaka wangu wa kwanza niliona uzito kwenye orodha ya upakiaji haulingani na ule wa hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli. Tofauti ilikuwa ndogo, bosi alikuwa na haraka, nikanyamaza nikidhani kuna mwingine ameshaiona. Hakuna aliyeiona mpaka forodha. Kontena likakaa siku tisa, tozo ya hifadhi ya bandari ikihesabu huku, ya kampuni ya meli ikihesabu kule. Mwenye mzigo alikuwa mama wa duka la vifaa vya ujenzi Lubumbashi, Kongo, na faida yake yote iliishia humo. Nilimpigia simu mimi mwenyewe. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, ulijua tangu lini?"

Tangu siku hiyo nikiona kasoro naisema saa ileile, kwa maandishi, hata nikionekana msumbufu. Meli ikichelewa, mwambie mteja leo, maana leo bado anaweza kuahirisha lori. Kesho atakuwa ameshalilipia.

Vyeti navyo usivipuuze. Kwa aliye Tanzania, fanya mapema mitihani ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, kabla majukumu hayajakubana; bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya 2007, na ajira nyingi za ununuzi, hasa serikalini, hudai usajili wake. Usome pia ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaotozwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya: asilimia 0, 10, 25, na 35 iliyoongezwa Julai 2022. Kila bidhaa ina namba yake ya forodha; ukiikosea tarakimu moja tu, ushuru wa mteja unaweza kuruka kutoka asilimia 10 hadi 25. Na ukipata nafasi ya kujifunza Kifaransa, jifunze. Wateja wa Lubumbashi tutaongea nao Kiswahili vizuri kabisa, lakini karatasi zao zinakuja kwa Kifaransa.

Siku hizi ninaposaili vijana, nawapa orodha ya upakiaji na hati ya shehena, nikiwa nimebadilisha uzito kwenye mstari mmoja, kisha nawaachia dakika kumi. Wengi huiona tofauti. Ninayemwajiri ni yule anayenyanyua mkono kabla dakika hazijaisha.