Zege mbili, moja ya rafiki

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, mchumba anasema nikitokea na hiki kitambi kwenye send-off ataona aibu. Zimebaki wiki tano. Niache kula mchana au usiku?"

Mdogo wangu, umegonga mlango wenyewe.

Mimi niliambiwa na dada mmoja "sura unayo, tatizo bonge," tena mezani, mbele ya watu, kipande cha kuku kiko mkononi. Nilikirudisha kwenye sahani. Kuanzia kesho yake ikawa chai ya rangi mpaka jioni. Baada ya miezi minne suruali zinanivuka, vijana wa gym wananipigia makofi, na sikatai, kichwa kilivimba. Mama tu ndiye aliyeniangalia kwa hofu. Kwetu mwanaume akikonda ghafla watu huanza kuhesabu magonjwa. Nani atawaza kwamba anajinyima?

Mambo yenyewe yalikuwa usiku. Nimelala, simu usoni, natazama watu wanapika pilau. Saa sita nainuka hadi kwa muuza chipsi: "Zege mbili, moja ya rafiki." Rafiki hayupo. Nakula zote gizani, nimesimama pembeni ya tangi la maji, kisha naenda kutapika huku bomba nimelifungulia mama asisikie.

Nilijiona mlafi aliyelaaniwa. Halafu nikasoma kuhusu vijana 36 wa kiume waliojitolea kwa utafiti wa njaa Minnesota, Marekani, 1944 hadi 1945. Kwa wiki 24 walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Wakawa wanaota chakula, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi! Walipoachiwa kula, wapo walioshindwa kujizuia. Nikakumbuka video zangu za pilau.

Kwa hiyo kula mchana. Ugali, maharage, samaki, kaa chini ule. Na kama umeshaanza kutapika, nenda hospitali useme kweli. Mimi nilisingizia vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Wanaume tunaweza kueleza goti linavyouma kwa saa nzima, hili tunalimeza. Acheni! Kula mchana, narudia.

Yule dada nilikutana naye Kariakoo mwezi uliopita, yuko na mumewe. Mume ana kitambi kunizidi. Nikawasalimia vizuri, na kabla sijajijua nimeshavuta tumbo ndani.