Unataka jezi ya Shujaa? Nisikize kwanza

Juzi kijana wa kidato cha nne alinitumia ujumbe: "Kaka, mimi ni winga wa raga. Nifanye nini niitwe timu ya taifa kabla sijatimiza miaka 20?"

Swali hilo nalijua. Aprili 2016, Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba kila upande, walipoipiga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, niliruka mpaka nikamwaga chai ya watu. Nilikuwa na miaka 21 na nilijiona tayari niko pale, pembeni ya nyota wao Collins Injera.

Nikaanza kuamka saa kumi alfajiri. Vilima, uzani, mayai sita kwa siku wakati kodi ya nyumba haijalipwa. Chuo nikakiacha mwaka wa pili. Nikaitwa kambini, na nyumbani wakachinja mbuzi. Wiki tano baadaye orodha ya wasafiri ilitoka. Hakuna aliyeniambia nimeachwa. Niliondolewa tu kwenye kundi la WhatsApp. Hadi leo likitajwa hilo, shingo inanipata moto.

Msimu uliofuata kano ya goti ilikatika kwenye mechi ya klabu. Klabu ilinitakia afueni ya haraka. Upasuaji ulilipwa na harambee ya ukoo na mtamba wa baba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, soma. Humphrey Kayange, kaka yake Injera, aliongoza Shujaa akiwa na shahada ya kemia, na leo ni mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Injera mwenyewe alifunga trai 279, yaani kuutua mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, katika mfululizo wa mashindano ya dunia ya raga ya saba kila upande. Ukijipima na Injera, jipime na masomo ya Kayange pia. Usiniambie huna muda: mechi ya saba kila upande ni dakika 14. Soma!

Tena hata ukifika, timu yenyewe huanguka. Shujaa walishushwa daraja 2023, wakarudi 2024 kule Madrid kwa kuifunga Ujerumani. Mwaka mzima nje ya mashindano makubwa, na mwenye nyumba hajui daraja ni nini. Bima ya matibabu iulizie kabla hujatia sahihi popote. Na usome, nimeshasema.

Kijana akaniuliza kama mimi niliwahi kuivaa jezi yenyewe. Sikuwahi. Nina soksi za mazoezi walizosahau kunidai.

Jambo moja sikumwambia, nalisema hapa. Kambini, kocha aliniita pembeni mara tatu kuhusu pasi yangu ya mkono wa kushoto. Nilimwona ananionea, nikaenda kuongeza uzani. Wewe kila jioni piga pasi 100 za kushoto, ukutani kama huna mwenzako.

Za kulia utapiga tu, hizo hazihitaji kuambiwa.