Ukitaka Katiba ya Marekani ikukae kichwani, anza na serikali iliyokufa

"Shikamoo mwalimu. Nina usaili wa uraia mwezi ujao na hizi tarehe zinanitoa jasho." Ndivyo alivyoanza msomaji mmoja aliyeko Marekani. Amekariri 1607, 1620, 1776, 1787, 1789 na 1791 kama namba za simu. Akiulizwa Katiba iliandikwa lini anajibu 1776. Akiulizwa George Washington, Rais wa kwanza, aliapishwa mwaka gani anajibu 1787.

Marahaba. Kichwa chako hakina tatizo. Umefundishwa kuruka shimo. Kati ya Azimio la Uhuru na kuapishwa kwa Washington kuna miaka 13, na vijitabu vingi vya maandalizi huipita kwa sentensi moja. Humo ndimo ilimoishi na kufa serikali ya kwanza ya Marekani, iliyoongozwa na Mkataba wa Shirikisho. Karibu kila kifungu cha Katiba ni dawa ya ugonjwa ulioiua. Anayeijua maiti haimsumbui kukumbuka dawa.

Makoloni yasikumalizie mwezi. Jamestown, 1607, ilikuwa biashara ya kampuni yenye wanahisa huko London. Watu wake walikufa kwa njaa na maji mabaya mpaka tumbaku ilipoanza kuleta faida. Mwaka 1619, katika koloni hilohilo la Virginia na kwa tofauti ya wiki chache tu, yalitokea mawili: mwishoni mwa Julai baraza la kwanza la wawakilishi lilikaa, na mwezi Agosti zikashushwa pwani roho 20 na ushei za Waafrika waliotekwa Angola, nchi ya Wandongo wanaosema Kimbundu, lugha ya Kibantu kama hii yetu. Usiyatenganishe mawili hayo, utayahitaji tukifika Philadelphia, Katiba ilikoandikwa. Mwaka 1620 ikaja meli ya Mayflower na abiria 102. Kwa kuwa walifika nje ya eneo la kibali chao, wanaume 41 walitia saini mapatano ya kujitawala kabla ya kukaa nchi kavu.

La kubeba hapo ni moja: kila koloni lilikuwa na hati yake, baraza lake na kodi zake. Georgia, la mwisho, lilianza 1733. Walikuwa majirani 13, kila mmoja na mlango wake na kufuli lake.

Sasa fuata deni. Vita vya Uingereza na Ufaransa vilipokwisha 1763, deni la Uingereza lilikuwa limekaribia kuongezeka maradufu, na bado kulikuwa na jeshi la kulisha huko Amerika. London ikaamua makoloni yachangie. Sheria ya Stempu ya 1765 ilitoza kodi magazeti, hati za mahakama, leseni, hata karata na dadu. Wakoloni walikuwa wamezoea kodi, lakini ile iliyopitishwa na mabaraza yao wenyewe. Hii ilitoka katika Bunge ambalo hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Ikafutwa 1766, zikaja nyingine, ikaja chai: tarehe 16 Desemba 1773 masanduku 342 yalitupwa baharini Boston. Usaili ukikuuliza kwa nini walipigana, taja kodi bila uwakilishi na usonge mbele.

Vita vyenyewe nitaviruka bila aibu. Shika tatu: risasi za kwanza Lexington na Concord, 19 Aprili 1775, Waingereza kusalimu amri Yorktown, Oktoba 1781, mkataba wa amani wa Paris, 3 Septemba 1783. Kuhusu Azimio, kura ya kujitenga ilipigwa tarehe 2 Julai 1776, maandishi yakapitishwa tarehe 4, na wajumbe wengi wakatia saini Agosti 2. Jibu la usaili ni tarehe 4, usijitie ujuaji mbele ya afisa.

Mkataba wa Shirikisho ulipitishwa na Kongresi, mkutano wa wajumbe wa makoloni yaliyogeuka majimbo, Novemba 1777, lakini haukuanza kazi mpaka 1 Machi 1781, Maryland ilipokubali ikiwa ya mwisho. Ulikuwa na vifungu 13. Kila jimbo kura moja, liwe kubwa kama Virginia au dogo kama Delaware. Mambo mazito, kama vita, mikopo na mikataba na nchi za nje, yalidai majimbo 9. Kubadili neno lolote ndani yake kulidai yote 13. Hakukuwa na Rais mwenye madaraka wala mahakama za taifa. Na Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Iliweza kuomba tu.

Waliowahi kukaa kwenye kamati ya harusi watanielewa. Kadi zimesambazwa, ahadi zimeandikwa daftarini, mweka hazina anapiga simu, na kila mtu anasema atatuma mwisho wa mwezi. Kongresi ilikuwa kamati ya namna hiyo, ila sherehe ilishafanyika kwa mkopo wa Ufaransa na Uholanzi, na wadai wako mlangoni.

Angalia jinsi ilivyokwama. Mwaka 1781 iliomba ruhusa ya kutoza ushuru wa forodha wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje. Majimbo 13 lazima yakubali, na Rhode Island ikakataa. Ikajaribu tena 1783, safari hii New York ikaikwamisha, na sababu yake haikuwa falsafa: bandari yake ilikuwa ikikusanya ushuru wa bidhaa zilizokwenda hadi New Jersey na Connecticut. Nani angegawa ng'ombe wa maziwa kama huyo?

Juni 1783 askari wapatao 400 wasiolipwa waliuzingira ukumbi wa Kongresi Philadelphia. Serikali ya Pennsylvania ikagoma kuita mgambo, wajumbe wakatorokea Princeton. Miezi michache baadaye mkataba wa amani ulikuwa mezani, wa kuridhiwa ndani ya miezi sita, na majimbo 9 hayakupatikana. Kanuni ilisema jimbo lenye mjumbe mmoja tu halihesabiwi, na wengi walikuwa makwao. Ulipata kura tarehe 14 Januari 1784, baada ya kungoja wajumbe wafike Annapolis katikati ya baridi. Nchi imeshinda vita na inashindwa kupata akidi ya kupokea ushindi wake.

Kisha Massachusetts. Wakulima wa magharibi, wengi wao askari wa zamani, walidaiwa kodi na madeni kwa sarafu ambazo hawakuwa nazo. Mahakama zikawa zinachukua mashamba. Kuanzia Agosti 1786 wakazifunga kwa nguvu, na tarehe 25 Januari 1787, wakiongozwa na Daniel Shays, wakaiendea ghala ya silaha ya Springfield. Mizinga ikafyatuliwa, wanne wakafa. Kongresi haikuwa na jeshi la kutuma, na jeshi lililotumwa na jimbo liligharamiwa na wafanyabiashara wa Boston kwa kuchangishana.

Hapo chukua daftari, chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kilichoharibika, kulia andika namba ya kifungu cha Katiba kilichokiponya. Kongresi haitozi kodi: Kifungu cha 1, sehemu ya 8, mstari wa kwanza kabisa. Wajumbe wametimuliwa na askari Philadelphia: sehemu hiyohiyo ya 8 inaipa Kongresi wilaya yake yenyewe, isiyozidi maili 10 kwa 10, na ndiyo maana jiji la Washington haliko ndani ya jimbo lolote. Hakuna mtendaji: Kifungu cha 2. Hakuna mahakama: Kifungu cha 3. Maasi ya Massachusetts: rudi sehemu ya 8 penye mgambo na kuzima maasi, kisha Kifungu cha 4, sehemu ya 4. Jimbo moja kuwakwamisha 12: Kifungu cha 5, ambapo mabadiliko yanadai theluthi mbili za mabunge mawili na robo tatu za majimbo. Mistari sita hiyo inatosha kwa kuanzia.

Wengi huharibu zoezi hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujaza upande wa kulia kwanza, ukinakili maelezo ya mtu mwingine. Hapo umerudi kwenye orodha ya kukariri, ila sasa ina mstari katikati. Ya pili ni kusoma Katiba iliyochanganywa na marekebisho bila kujua kipi cha lini. Maseneta, kwa mfano, walichaguliwa na mabunge ya majimbo hadi 1913. Tafuta maandishi ya awali: vifungu 7, maneno kama 4,500, karatasi nne za ngozi. Ni usomaji wa jioni moja. Unaogopa kitu kifupi kuliko katiba ya chama chenu cha kuzikana.

Mkutano wa Philadelphia ulipangwa kuanza 14 Mei 1787. Akidi ilipatikana tarehe 25. Walihudhuria wajumbe 55 kutoka majimbo 12. Rhode Island haikutuma mtu. Walitumwa kurekebisha Mkataba, wakajifungia na kuandika mwingine kabisa. Ugomvi mkubwa ulikuwa kura: majimbo makubwa yalitaka uwakilishi kwa idadi ya watu, madogo kwa usawa. Tarehe 16 Julai, kwa majimbo 5 dhidi ya 4, Massachusetts ikiwa imegawanyika, wakakubaliana: Baraza la Wawakilishi kwa idadi, Seneti kwa usawa.

Na idadi ya watu ikamfufua yule Mwafrika wa 1619. Hapa ndipo watu wengi hupotoka, hata waliosoma. Ile tatu ya tano iliyowekwa kwenye Katiba haikuwa sehemu ya kura aliyopewa mtumwa. Mtumwa hakuwa na kura yoyote. Ilikuwa hesabu ya viti: watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu ili bwana wao apate wawakilishi zaidi. Wenye watumwa ndio waliotaka wahesabiwe wote, na wapinzani wao ndio waliotaka sifuri. Uwiano wenyewe ulikuwa umependekezwa tayari 1783, kwa ajili ya kugawa michango ya majimbo. Umeona? Hata hilo lilitoka kwenye ile kamati ya harusi. Kisha tazama Kifungu cha 1, sehemu ya 9: biashara ya kuingiza watumwa isiguswe kabla ya 1808. Na Kifungu cha 4, sehemu ya 2: mtoro arudishwe. Kote huko neno mtumwa halimo. Wameandika "watu wengine" na "mtu anayewajibika kwa utumishi". Walijua wanachokificha.

Jambo moja lisome polepole. Rasimu ya Agosti ilianza hivi: sisi watu wa majimbo ya New Hampshire, Massachusetts, Rhode Island, na kuendelea kuyataja yote 13, hata Rhode Island isiyokuwapo. Septemba, mjumbe Gouverneur Morris alipokabidhiwa kalamu ya kulainisha lugha, aliyafuta majina yote na kuandika: sisi watu wa Marekani. Inasomeka kama ushairi, lakini lilikuwapo tatizo la kiofisi la kutatua. Kifungu cha 7 kilisema majimbo 9 yakiridhia, Katiba inaanza kati yao. Ni yapi 9? Hakuna aliyejua. Huwezi kuandika jina la mwanachama ambaye huenda asijiunge.

Wajumbe 39 walitia saini 17 Septemba 1787. Hilo ndilo jibu lako: Katiba, 1787. Delaware iliridhia ya kwanza, Desemba 7. New Hampshire ikawa ya 9, tarehe 21 Juni 1788. Virginia ilipita kwa 89 dhidi ya 79, New York kwa 30 dhidi ya 27, baada ya Hamilton, Madison na Jay kuandika makala 85 za kuitetea. Waliotilia shaka waliahidiwa ulinzi wa haki zao, ndipo yakaja marekebisho 10 ya kwanza, yaliyokamilika 15 Desemba 1791.

Kwa anayejiandaa: kama ulituma fomu ya kuomba uraia, N-400, tarehe 20 Oktoba 2025 au baadaye, unaulizwa maswali 20 na unahitaji 12 sahihi, kutoka orodha ya 128. Waliotuma kabla ya hapo huulizwa 10 na kuhitaji 6, kutoka orodha ya 100. Mzee wa miaka 50 mwenye ukaazi wa kudumu wa miaka 20, au wa miaka 55 mwenye miaka 15, anaweza kujibu kwa Kiswahili akiwa na mkalimani. Msimtese na Kiingereza bure.

Bado 1789. Washington aliapishwa 30 Aprili mwaka huo, jijini New York. Alichaguliwa na majimbo 10 tu. North Carolina na Rhode Island zilikuwa bado nje ya Katiba, na New York yenyewe, mwenyeji wa sherehe, haikupiga kura, kwa sababu mabaraza mawili ya bunge lake yalishindwa kukubaliana namna ya kuwateua wajumbe wake wa kumchagua Rais. Rhode Island iliingia tarehe 29 Mei 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32, baada ya Seneti kupitisha muswada wa kukata biashara nayo kama nchi ya kigeni.

Hivyo ukiulizwa majimbo ya mwanzo yalikuwa mangapi, jibu ni 13. Siku Washington anakula kiapo, yaliyokuwa ndani yalikuwa 11.